Kidonge Kilichokatwa kwa Mkasi

Mama Idadi alimwaga vidonge vya Fundi juu ya meza akaanza kuvisogeza kwa ncha ya kalamu, viwili viwili, kama mtu anayechambua mchele wenye mawe. Mlango wa chumba cha ushauri ulikuwa wazi kwa sababu ukifungwa ulijibana mpaka aitwe seremala. Watu wote waliokaa kwenye benchi la nje walimwona Fundi ameinamisha kichwa mbele ya mwanamke wa umri wa mwanawe. Wagonjwa ndio waliompa mshauri yule jina la Mama Idadi. Mwenyewe alilijua, na hakuonekana kulichukia.

"Hesabu imekubali," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekerwa na vidonge kwa kukubali. "Damu ndiyo iliyokataa. Wadudu wamepanda tena. Sasa niambie, mzee wangu, unavimeza au unavitupa chooni ili ukija hapa hesabu iwe safi?"

Fundi alijibu kwamba anavimeza. Alisema anameza kila asubuhi baada ya chai, na kwamba alianza kumeza dawa za kliniki hii wakati yeye mshauri bado anavaa sare ya shule, na huenda sare hiyo ilishonwa kwa mkono wa Fundi mwenyewe. Kwenye benchi mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Mama Idadi hakucheka. Alisema wote husema hivyo hivyo. Akaandika neno kwenye faili, na Fundi, ambaye shule aliikimbia mapema lakini kusoma alikuwa anajua, akalisoma likiwa limepinduka kichwa chini miguu juu: mkaidi.

Kanuni ya wakubwa, Mama Idadi alieleza, ilikuwa moja. Mgonjwa ambaye wadudu wake wanapanda alete mtu wa nyumbani kwake, msimamizi, atakayemwona akimeza kila siku kwa miezi mitatu. Baada ya hapo damu ipimwe upya. Kabla ya hapo hakuna kuzungumzia kubadilishiwa dawa, maana dawa kali ni ghali na haipewi watu wa kuchezea.

Fundi alikusanya vidonge vyake akavirudisha kwenye kopo kimoja kimoja. Alitoka ameshika suruali kiunoni. Alikuwa ameshaibana suruali ile mara mbili kwa mkono wake, na bado ilikuwa inateremka.

Zamani kliniki hii haikuwa hivi. Njiani kurudi alilifikiria hilo, kama alivyolifikiria kila alipotoka pale. Miaka ile ya mwanzo alikuja na mkewe, na nesi mzee wa wakati huo alikuwa anawajua wagonjwa kwa kikohozi tu, kabla hajainua macho. Walikaa kwenye benchi lile lile, mkewe anamaliza kushona vifungo vya mteja, watu wanataniana nani kanenepa. Mtu angepita asingejua kama ni foleni ya dawa au watu wanasubiri harusi. Kisha wakaja wakubwa wapya na semina zao, na nesi mzee akastaafishwa. Tangu hapo, kwa mawazo ya Fundi, kitu pekee kilichoongezeka pale ni vyeo.

*

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Cherehani mbili zilitazamana: yake karibu na mlango, ya marehemu mkewe dirishani kwenye mwanga. Siku hizi iliyo dirishani ilikuwa inatumiwa na mkamwana wake, mke wa mwanawe wa pekee. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa, mtu wa kupita nyumbani kubadilisha nguo na kulala. Kwa hiyo Fundi alipogeuza geuza maneno ya Mama Idadi kichwani akajiuliza nani atakuwa msimamizi, jibu lilikuwa limekaa mbele yake, linapiga upindo wa sketi.

Ugonjwa wake ulikuwa jambo linalojulikana na wote nyumbani na lisilotajwa na yeyote. Mkamwana aliambiwa kabla ya ndoa. Hakuwahi kuuliza. Aliosha kikombe cha mkwewe pamoja na vikombe vingine na mazungumzo yakaishia hapo. Fundi alikohoa, akatia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

"Binti yangu, hospitali wanataka mtu wa kuniangalia."

"Kukuangalia kwa nini, Baba? Unaumwa?"

"Kuniangalia nikimeza."

Mkamwana aliendelea kukanyaga cherehani mpaka akafika mwisho wa upindo, akakata uzi. "Kwani wao wanadhani unameza kwa sikio?"

"Wanadhani simezi."

"Haya. Kuanzia kesho tutaona kama humezi."

Fundi alidhani atamtazama kwa jicho la pembeni, kama watu wenye heshima wanavyotazamana, na mambo yaishe. Hakumjua vizuri mke wa mwanawe. Kesho yake, chai ilipokwisha, mkamwana alisimama mbele yake na glasi ya maji kama askari wa zamu. Fundi akameza. Mkamwana hakuondoka.

"Fungua mdomo."

"Nimeshameza."

"Baba, mimi nikienda kule nikaulizwa, nataka niseme kitu nilichokiona. Fungua. Inua ulimi."

Baba mkwe mzima, mtu aliyemtolea mahari mwanamke yule, akafungua mdomo na kuinua ulimi, na mkamwana akachungulia ndani kama anayetafuta shilingi iliyodondoka kwenye kopo. Uso wa Fundi uliwaka moto. Alikwenda kukaa kwenye cherehani yake akashona mpaka mchana. Lakini wiki zikapita, na likawa jambo la kila siku kama kufagia. Mkamwana akaanza hata kutia mzaha. Siku moja alimwambia jino la nyuma linahitaji fundi kuliko suruali za wateja. Siku nyingine alimwambia kwamba mdomo wake una maneno mengi mno, dawa itapata shida kupita.

Kilichomuuma Fundi kilikuwa kuonwa na mtu mwingine akimeza. Kwa miaka yote ile walimeza wawili, yeye na mkewe, uso kwa uso katika chumba hiki, kila mmoja kwenye cherehani yake. Mkewe alikuwa anainua kidonge kwanza kama anayemtakia afya, wanameza pamoja, halafu wanakanyaga. Wateja walimwita mke yule Bi Mizani kwa jinsi alivyokata kitambaa: hapimi mara mbili, hakosei, na kipande kinachobaki hakitoshi hata kuziba tundu. Tangu afe, Fundi alikuwa anamezea dawa yake jikoni, ameupa mlango mgongo.

*

Miezi mitatu ilipotimia walikwenda wawili. Wadudu walikuwa wamepanda zaidi.

Mama Idadi aliweka kalamu chini. Sasa hasira yake ilihamia kwa mkamwana. Alisema ameshaona familia nyingi za namna hii, zinazomwonea haya mzee wao na kumfunika, na mwisho zinamzika. Alimuuliza moja kwa moja kama kweli amemwona akimeza au alikuwa anaambiwa tu.

Mkamwana hakupandisha sauti. "Mimi nimeangalia chini ya ulimi wa baba mkwe wangu kwa miezi mitatu," alisema. "Ana jino bovu upande wa kushoto, la pili kutoka mwisho. Mwite, umfungue mdomo ulione. Halafu uniambie tena kwamba sikuwa naangalia."

Na kwa kuwa mlango haufungiki, maneno yale yalimfikia daktari wa chumba cha pili, msichana mfupi aliyehamia pale karibuni ambaye wagonjwa walikuwa wanamwita Daktari Mdogo. Alichungulia, akaomba faili, akawaita ofisini kwake.

Hakuuliza kama anameza. Aliuliza jambo ambalo Fundi hakuwahi kuulizwa tangu Bi Mizani azikwe: je, kuna wakati dawa zenyewe zilikosekana?

Fundi alimtazama kama mtu anayetegewa mtego. Kisha akaanza kusema, mwanzoni kwa kukata kata, baadaye bila kituo. Ndiyo, kulikuwa na wakati. Yeye na mkewe, ambao kwa miaka walikuwa wanameza dawa tofauti, walikuwa wamewekwa kwenye dawa moja. Kisha dawa ikapungua. Wakija wawili wanapewa kopo moja. Redioni wakubwa wanasema dawa zimejaa bohari, kwenye dirisha la dawa wanaambiwa mzigo uko njiani. Na ni hapa hapa, kwenye dirisha hilo hilo, walipoambiwa: nyinyi ni mke na mume, gawaneni mpaka mzigo ufike.

"Mkagawana vipi?" Daktari Mdogo aliuliza. "Mmoja leo, mwingine kesho?"

"Hapana. Mke wangu alisema hapana, hiyo si haki, kila siku mmoja atalala na njaa. Alikuwa mkataji. Alichukua mkasi wa uzi, ule mdogo, akausugua kwa spiriti, akakata kidonge katikati. Ungeviona vile vipande, daktari. Ungeviweka kwenye mizani visingepishana hata unga. Kila asubuhi hivyo. Tukawa tunajisifu. Wenzetu kwenye benchi walikuwa wanagombana, sisi tunakula nusu kwa nusu."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mzigo ulipofika. Ulifika masika yamepita. Alikuwa ameshaanza kukohoa."

Daktari Mdogo alieleza, na sifa apewe, alieleza kwa maneno ya watu wa kawaida. Mdudu huyu, alisema, akizaa anajinakili, na ni mwandishi mbaya kupita kiasi. Hana wa kumsahihisha. Kila nakala inatoka na kasoro yake ndogo, kwa hiyo ndani ya mtu mmoja kuna umati, na ni shida kupata wawili wanaofanana sawasawa. Kasoro nyingi zinamdhuru mwenyewe. Lakini mara moja moja hutokea kasoro inayofanya dawa imteleze. Dawa kamili inawabana wote wasijinakili, wajanja na wajinga. Nusu ya dawa inawabana wajinga tu. Wajanja wanabaki na uwanja wao, wanazaa, na baada ya muda umati mzima ni watoto wao.

Fundi alisikiliza, na bila kutaka akamwona mkewe ameketi sakafuni anacheka. Ilikuwa mwaka wa zabuni ya sare za shule, wakati bado wanapendana kwa kelele. Kola zote zilitakiwa zikatwe kwa kadibodi moja, lakini Fundi kwa haraka zake aliacha kadibodi akawa anakata kila kola kwa kufuata iliyotangulia. Kila moja ilizidi mwenzake kwa unene wa chaki. Walipofika kwenye shati la mwisho, kola ilikuwa masikio ya punda. Bi Mizani alilivaa shati lile la mtoto kichwani, akazunguka nalo chumbani, akacheka mpaka miguu ikamwishia nguvu. Kola zile zote walizifumua wawili, siku nzima, redio inaimba.

"Kwa hiyo tuliwafundisha," alisema. "Mimi na yeye, kila asubuhi, tuliwapeleka shule."

"Mliambiwa mgawane," Daktari Mdogo alisema. "Mkagawana."

Alichotaka kufanya kilikuwa kupeleka damu ya Fundi kwenye maabara kubwa ambako mdudu mwenyewe husomwa, herufi kwa herufi, ionekane ni dawa zipi zimeshamteleza na zipi bado zinamweza. Bila hivyo atakuwa anabahatisha, na kwa hali ya Fundi muda wa kubahatisha ulikuwa unakwisha. Lakini damu haisafiri bila sahihi ya Daktari Mkuu. Alilichukua faili akaenda nalo ghorofani. Aliporudi, Fundi aliyajua majibu kwa jinsi alivyolishika.

Daktari Mkuu amesema wakaidi hawapelekewi damu. Amesema pia hospitali hii haijawahi kukosa dawa, na mzee aache kuzua.

*

Mkamwana alitegemea kwamba mkwewe atatukana njia nzima, kama desturi yake wakubwa wakitajwa. Fundi hakutukana. Alifika nyumbani akakaa mbele ya cherehani bila kuigusa, na kutwa nzima akawa mtu wa kuitikia tu. Asubuhi iliyofuata chai ilipokwisha alichukua kopo la dawa, akalitia mfukoni, akachukua kofia.

"Leo tunamezea hospitali," alisema. "Beba maji."

Lazima ieleweke Fundi alikuwa mtu wa namna gani. Miaka yote aliingia kliniki kwa geti la nyuma, kwenye kamba za mashuka, ili mteja asimwone. Kopo la dawa alilivisha soksi lisilie mfukoni. Mkewe alipokufa aliwaambia majirani ni kifua. Mtu huyo ndiye aliyesimama asubuhi ile mbele ya lango kuu, chini ya dirisha la Daktari Mkuu, saa ambayo gari lake huingia, akatoa kopo bila soksi, akakiinua kidonge juu watu wakione.

"Naombeni mniangalie," alisema. "Mimi ni mkaidi. Nataka mashahidi."

Akameza. Mkamwana akamwambia fungua mdomo, inua ulimi, akachungulia, akatangaza kwamba kimepita. Wakaenda zao.

Kesho yake wakarudi. Na keshokutwa. Ilivuma, kama ilivyotarajiwa. Mwalimu mkuu aliyekuwa ameleta vitambaa vya sare alituma mtu avichukue vikiwa bado havijakatwa, na aliyetumwa alivishika kwa ncha za vidole. Mteja wa miaka mingi alivuka barabara ili asisalimiane naye. Mwanawe alipiga simu kutoka safarini, ameshaambiwa na madereva wenzake, akauliza kama baba yake amerukwa na akili. Mkamwana ndiye aliyejibu. Alimwambia mumewe kwamba baba hajambo, ila amechoka kumezea jikoni.

Fundi aliumia kwa zile sare. Zilikuwa kazi ya msimu mzima. Lakini alipokuwa amesimama chini ya lile dirisha aligundua kwamba kitu alichokiogopa kwa miaka ishirini kilikuwa kimeshatokea, na bado miguu ilikuwa inambeba. Angetamani kumwambia Bi Mizani hilo. Yeye ndiye aliyetaka tangu mwanzo waseme wazi, na Fundi ndiye aliyemziba mdomo.

Juma la pili, yule mtu aliyecheka kwenye benchi alikuja na kopo lake akasimama kando ya Fundi. Siku iliyofuata wakaja wanawake wawili, mmoja ana mtoto mgongoni, wakasema na wao walikula nusu mwaka ule, wengine robo. Siku hiyo Daktari Mkuu alishuka. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na koti lake jeupe lilikuwa jipya.

"Mzee, unataka nini hasa?"

"Sitaki ugomvi, daktari," Fundi alisema. "Niliambiwa nitafute msimamizi. Nikaleta wa nyumbani, akakataliwa. Nikaona basi nije kwa mkubwa wa wasimamizi wote. Wewe ukiniona nikimeza, nani atabisha?"

Daktari Mkuu aliwatazama waliosimama, akamtazama na mlinzi wa getini aliyekuwa anajitahidi sana asitabasamu. Alisema hospitali si mahali pa maonyesho. Akapanda ngazi. Lakini kabla ya saa sita Daktari Mdogo alikuja mbio kumkamata Fundi mkono kwa ajili ya kutoa damu, na sahihi ilikuwa imepatikana.

*

Majibu yalikaa sana. Yaliporudi, Fundi alikuwa hawezi tena kukanyaga cherehani kutwa, na mkamwana alimshika kiwiko mpaka kwenye kiti cha Daktari Mdogo.

Habari njema aliitanguliza: ipo dawa ambayo mdudu huyu hajawahi kukutana nayo, na ataianza kesho asubuhi. Kisha akasema kama Fundi anataka, anaweza kumweleza walichosoma. Fundi alisema anataka. Ni mwenzake wa siku nyingi, ni haki amjue.

Wadudu hawa duniani wana koo zao, Daktari Mdogo alisema, na koo zimesambaa kila moja na nchi zake, na mahali zinapokutana ndani ya mtu mmoja zinachanganyika. Huyu wa Fundi alikuwa chotara. Mwanzo wake ni wa ukoo mmoja, katikati ni ukoo mwingine.

"Yaani hata mdudu ameoa nje ya ukoo," mkamwana alisema, "na hakuna aliyemdai mahari."

Daktari Mdogo alicheka, kisha akawa makini. Kulikuwa na alama. Moja ilikuwa ile aliyoitegemea, ya dawa waliyoigawana. Wanaobeba alama kama ile ni wadudu waliokutana na dawa isiyotosha.

"Kwa hiyo upungufu ulikuwepo," Fundi alisema.

"Ulikuwepo. Na mimi nimeuandika kwenye faili lako. Lile neno jingine nimelikata."

Lakini kulikuwa na alama ya pili, ya zamani zaidi, iliyofifia, na hiyo ilimshangaza. Ilitokana na dawa ya miaka ya mwanzo kabisa, iliyoachwa siku nyingi, na kwa kumbukumbu zote Fundi hakuwahi kupewa.

Fundi aliijua dawa hiyo. Bi Mizani aliimeza peke yake, miaka ile Fundi mwenyewe anakimbia kipimo. Ilimkausha damu mpaka viganja vikawa vyeupe kama chaki, akawa anakata vitambaa amekaa.

"Alimeza mke wangu," alisema. "Unasema yeye ndiye aliyenipa?"

"Siwezi kusema hivyo, na mtu yeyote asikudanganye kwamba damu inasema nani alianza. Pengine kila mmoja alikuwa na wake, mkapokezana baadaye. Ninachoweza kusema ni kwamba hawa ulio nao leo wana babu yao aliyewahi kuishi ndani ya mwili wake, akaiona dawa yake, akanusurika. Alama ikabaki. Wamekuwa wakiinakili mpaka leo."

Swali la nani alianza Fundi na mkewe walishalimaliza zamani, siku ile ya kipimo, walipokubaliana kwamba halitavuka kizingiti chao. Hakulihitaji. Alikuwa anatazama mikono yake, mishipa iliyotokeza, kama mtu aliyeambiwa kuna mgeni ndani.

"Hii dawa mpya itawaua?"

"Hawafi wote. Watafubaa, tutapima tusiwaone, na wewe utanenepa. Lakini wachache watajificha na kulala, na alama zao zote. Ndiyo maana hutakiwi kuacha hata siku moja."

"Na alama zote," Fundi alirudia.

*

Asubuhi iliyofuata walimaliza chai. Kidonge kipya kilikuwa kikubwa kuliko cha zamani, na Fundi alikishika kiganjani muda mrefu. Mkamwana alisimama na glasi ya maji. Mwishowe akaketi, kwenye kiti cha dirishani.

"Kimekushinda?"

"Nilifurahi jana," Fundi alisema. "Aliposema hawafi wote. Mtu mzima na akili zangu, nikafurahi. Maana wale wakubwa hawakumbuki kitu. Walimwacha afe, wakasema dawa zimejaa, na leo wanasema haijatokea. Hawa wadudu ndio wanaokumbuka. Ni wao tu waliobaki kumshuhudia."

Mkamwana aliiweka glasi juu ya cherehani. "Baba, nikuambie kitu usikasirike. Mimi mama mkwe wangu sikumwona. Nimekaa kwenye kiti chake miaka mitano, na sijui hata alikuwa na sauti gani. Mwanao akimtaja anatoka nje. Wewe ukimtaja, ndani ya maneno mawili umeshafika kwa wakubwa. Nawajua wale wakubwa kuliko ninavyomjua yeye. Sasa unaniambia niende nikamwulize mdudu?"

Fundi alifungua kinywa kumjibu. Jibu lilikuwepo, lilikuwa refu na lilianzia bohari ya dawa. Akalitazama likija, akaona kwamba kweli, Bi Mizani hakuwemo.

"Unataka nikueleze nini?"

"Chochote. Wakubwa wasiwemo."

Alikitia kidonge mdomoni, akanyoosha mkono, akapewa maji. Kilipita kwa shida.

"Fungua," mkamwana alisema. "Inua ulimi. Haya. Sasa sema."

Haikuwa rahisi. Alikwama mara ya kwanza, akajikuta anataka kusema habari za foleni, akaacha. Akatazama dirishani, mahali kichwa cha mkamwana kilipokuwa kimezuia mwanga.

"Siku niliyomwona mara ya kwanza," alisema, "alikuwa anagombana na muuza vifungo. Alisema amempunja kimoja. Na kile kifungo, binti yangu, kilikuwa kimenasa kwenye nywele zake, kila mtu sokoni anakiona, hakuna anayethubutu kumwambia."

Mkamwana akaanza kucheka. "Wewe ukamwambia?"

"Mimi? Nilimfuata mpaka mwisho wa soko."